Nimemfundisha Mama Mkwe Kuumwa

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Alhamisi, na naomba usinicheke mpaka ufike mwisho, ukishafika mwisho utajua mwenyewe la kufanya.

Mimi ni baba wa watoto wawili, nina mke ninayempenda, na kazi yangu ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo katika hospitali moja kubwa, na najua hapo umeshasimama kujiuliza ni tiba gani hiyo, usijali, hata hospitalini kwetu wanajiuliza. Kazi yangu ni kumrudisha mtu kwenye shughuli zake baada ya ugonjwa au ajali, yaani aliyepooza mkono ajifunze upya kufunga vifungo, kujilisha, kuoga, kupika, kushika kalamu, na chuoni tulisoma tukaiva, tukaijua mishipa ya kiganja kama njia ya kwenda kwetu, tukajua kwamba ukimvika mgonjwa shati unaanza na mkono mgonjwa na ukimvua unaanza na mzima, na juu ya yote tukafundishwa usimfanyie mtu jambo analoweza kulifanya mwenyewe hata kama roho inakuuma, mwalimu wetu alikuwa akituamuru tukalie mikono yetu ili tusimpokonye kijiko mgonjwa anayehangaika nacho.

Basi nikaajiriwa nikijiona nimekamilika. Nikakabidhiwa chumba chenye kitanda, kabati la nguo, jiko dogo la umeme na sinki, vyote vya kufundishia wagonjwa, na hazikupita siku nyingi walinzi wakawa wanachemshia chai kwenye jiko, wauguzi waliochoka wakawa wanajinyoosha kitandani, na mfamasia akaniletea mashati ya mumewe yaliyokatika vifungo kwa kuwa alisikia mimi ni mtu wa vifungo, na aibu yangu mshauri ni kwamba nilivishona. Madaktari wakipita wodini wanamwandikia mgonjwa dawa, wanamwandikia mazoezi ya fizio, wanamwandikia chakula laini, kisha wanafunga kalamu, na mimi nimesimama mlangoni kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Siku moja daktari mkuu alikuwa akitembeza wageni, akafika kwangu akasema, "Na huyu ni fundi wetu wa, wa, mwenyewe atawaeleza," na kabla sijafungua mdomo wageni walishahamia maabara. Mtu anaweza kupokea mshahara kila mwezi na bado akajiona hana kazi, naomba uniamini.

Ndipo mama mkwe wangu alipopata kiharusi, upande wa kulia. Nilihuzunika kama mkwe, na Mungu anisamehe, nilifurahi kama mtaalamu.

Mama mkwe ni mkunga mstaafu. Amezalisha nusu ya watu wa mtaa wao na mpaka leo anaongea na kila mtu kama yuko chumba cha kujifungulia, ukichelewa kufungua mlango anakwambia, "Haya, pumua, sukuma." Alitoka wodini hawezi hata kushika kikombe, tukamleta kwetu, na kwa kuwa mke wangu anafundisha shule na huondoka mapema, na mimi naweza kuingia kazini nikichelewa kwa sababu hakuna anayenisubiri, asubuhi zote zikawa zetu sisi wawili. Sasa fikiria haya ya ukweni, mshauri, mimi nitamfundishaje mama mkwe kuvaa? Nilikuwa nasimama ukumbini nikautazama ukuta, yeye chumbani na mlango wazi kidogo, namwelekeza kwa kusikia.

"Mama, anza na mkono mgonjwa."

"Ndio huo nimeanza nao."

"Mbona kitambaa kinakwaruza upande wa kushoto?"

"Wewe mkwe, una masikio kisogoni? Haya, nimeanza upya. Usigeuke!"

Hivyo hivyo tukaenda, blauzi, kandambili, kijiko, mswaki, kukatakata vitunguu nikiwa nimekalia mikono yangu mpaka vidole vinakufa ganzi, na shemeji zangu wakipita wakanikuta nimekaa hivyo huku mama yao anahangaika na kifungo, wakaondoka wanasema mume wa dada yetu ana roho ya jiwe. Nilivumilia. Na asubuhi moja nilitoka bafuni nikamkuta amesimama juu ya stuli anatundika pazia, mikono yote miwili juu, pini mdomoni, anaimba kwa pua. Nililia, mshauri, mwanamume mzima nikiwa na taulo begani. Huyo alikuwa mgonjwa wa kwanza katika maisha yangu kumwona amepona kabisa kwa kazi yangu.

Sijamaliza kufuta machozi, honi ikalia getini, ni dada mkubwa, yaani dada yake mke wangu. Mama mkwe alishuka kwenye stuli kwa kasi ambayo hata mimi sina, akaketi kwenye kiti, akajifunika blanketi, akaupinda mkono, akauachia mdomo ukaenda upande. Dada mkubwa akaingia, akamlisha uji, akamfuta kidevu, akalia kidogo, akaondoka. Na mimi nilikuwa nimesimama pale nimeshika taulo, nikaona jambo ambalo hakuna mwingine aliyeliona: mama alikuwa ameupinda mkono wa kushoto!

Ningenyamaza. Mtu mwenye akili angenyamaza. Lakini nilishindwa, gari lilipoondoka tu nikasema, "Mama, samahani, kiharusi chako kilikuwa cha kulia."

Akaliweka blanketi pembeni. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Nikamwonyesha.

Hapo ndipo nilipopotea. Tangu siku hiyo kila asubuhi ni darasa. Nimemfundisha kwamba vidole havijipindi ovyo, vinakuja kiganjani na gumba linaingia ndani. Nimemfundisha bega lishuke, mguu usiburuzwe moja kwa moja bali uchore nusu duara. Nimemfundisha kwamba kifungo hakikatai, kinaponyoka, na tofauti hiyo ndiyo inayoliza watu. Ananiuliza maswali ambayo hata wahadhiri wangu hawakuwahi kuniuliza. "Nikicheka, nicheke upande mmoja?" Namwambia ndiyo Mama, na uchelewe kidogo kuanza. Anafanya. Anarudia. Mshauri, sijawahi kuwa na mwanafunzi kama yule! Naenda kazini napiga mluzi, nawasalimia walinzi wanaochemsha chai kwenye jiko langu, mpaka mke wangu akanipekua mifuko akidhani nimepata mwanamke. Sikujua jinsi ya kumwambia kwamba mwanamke mwenyewe ni mama yake.

Shida ni kwamba amefaulu mno. Watoto wake wanamwona kila wiki anazidi kuharibika. Mke wangu analia chumbani, ananiambia, "Wewe ni mtaalamu wa nini basi, kama mama yangu anakuishia mikononi?" na mimi nageukia ukuta, nalala. Dada mkubwa hakulala, alikwenda kunishtaki kwa daktari mkuu kwamba nakalia mikono yangu huku mama yake anateketea, na daktari mkuu, ambaye kwa mara ya kwanza alilijua jina la kitengo changu, akaniita akaniambia nimlete mgonjwa Alhamisi, dada mkubwa awepo, amkague mwenyewe. "Kama umeshindwa na mkweo unayeishi naye nyumba moja," akasema, "hicho chumba nakifanya stoo ya viti vibovu, na wewe utakaa kaunta ya kadi za wagonjwa."

Nilikimbia nyumbani kumweleza mama mkwe, nikitumaini atasema basi mwanangu, imetosha, nitainuka. Akakaa akafikiri, akasema, "Alhamisi? Basi tuna muda. Tufanye ya kumeza, hiyo bado sijaiweza vizuri."

Sasa niko njia panda. Nikisema ukweli, nitakuwa nimetoa siri ya mgonjwa, nimemvua nguo mama mkwe mbele ya watoto wake aliozoea kudekezwa nao, na mke wangu atajua kwamba alipokuwa analia mimi nilikuwa namnoa mama yake. Nikinyamaza, chumba kinakwenda, na jina langu ndilo linakwenda nalo. Na liko la tatu ambalo sijamwambia mtu yeyote: nikisema, darasa litaisha, na nitarudi kushona vifungo vya mume wa mfamasia. Nifanye nini?

Mimi mkwe niliyebanwa.

*

Mkwe uliyebanwa,

Uliniomba nisicheke mpaka mwisho. Nilijitahidi, nikashindwa kwenye taulo. Sasa nimemaliza kucheka, kaa chini nikuseme.

Nianze na mkeo, kwa sababu wewe umemweka mwisho. Unalala kitanda kimoja na mwanamke anayemlilia mama yake, na unajua fika kwamba mama huyo asubuhi alikuwa anakatakata vitunguu. Unageukia ukuta. Naona kugeukia ukuta umekuzoea tangu ulipokuwa unafundisha kuvaa blauzi. Hilo halichekeshi hata kidogo, baba, na hakuna siri ya mgonjwa wala haya ya ukweni inayolifunika. Hofu ya mtoto kwa mzazi wake si kitu cha kuchezea hata siku moja.

La pili. Umeniandikia kurasa na kurasa juu ya vidole, gumba, bega na nusu duara ya mguu. Unaniambia mama mkwe amezoea kudekezwa. Nani amekwambia? Ulimuuliza? Mtu uliyesomea kuwauliza wagonjwa wanataka kurudia kazi gani katika maisha yao, umekaa naye asubuhi zote hizo na hukumuuliza kwa nini mwenye miguu mizima anakubali kubebwa. Ulikuwa na shughuli nyingi za kumsahihisha.

Kwa bahati yako mimi nimeshajibiwa.

Kabla barua yako haijafika, mama mmoja alipiga simu hapa ofisini. Alipiga kwa simu ya jirani, akaeleza, kwa kuwa rasmi yeye hawezi kushika simu. Sauti ya amri. Nilipomwambia asubiri kidogo akaniambia nipumue. Nilidhani ni mtu wa mzaha, nikamsikiliza kwa kuwa mzaha ulikuwa mzuri. Akasema nisimwandike gazetini, isipokuwa mkwe wake akiniandikia, na ataniandikia tu, maana husoma safu hii kila toleo huku akijifanya anasoma michezo. Umeniandikia. Kwa hiyo sikiliza.

Siku ya pazia hakuwa na mpango wowote. Alisikia honi akaogopa. Mkunga yule yule anayewaamuru wanawake wasukume, aliogopa kugombezwa na binti yake kwa kupanda stuli! Akajifanya mgonjwa ili yapite, basi. Alikuwa amekusudia jioni ile ile awatangazie wote kwamba amepona.

"Halafu mkwe wangu akanisahihisha mkono," akaniambia. "Dada, ungemwona uso. Huyu kijana kila siku anarudi kutoka kazini kama mtu aliyetoka kumzika mtu. Nilipopona alilia kwa furaha, lakini siku chache kabla, nilipoanza kujiweza, nilimkuta jikoni anapanga vijiko, hana la kufanya. Siku ile ananionyesha kupinda vidole, akawa mtu. Nikajisemea, kumbe ndiyo kazi yake hii. Sasa nikiinuka, atabaki na nani?"

Nikamuuliza kama anafurahia kukaa hivyo. Akafoka. Kasema uji umemtoka puani. Kasema ana meno yote na anataka kutafuna nyama, na anataka kurudi nyumbani kwake akafungue madirisha kabla ukungu haujala kuta. Kasema binti yake mkubwa anamfuta kidevu kwa nguvu kama anasugua sufuria. Na hilo la kumeza unalodhani analitamani, linamtia kichefuchefu, ila aliona umeingia nyumbani umekata tamaa kwa ajili ya Alhamisi, akatafuta somo jipya la kukuchangamsha.

Umeelewa? Wewe unamlinda yeye asipoteze deko. Yeye anakulinda wewe usipoteze kazi. Katika nyumba hiyo kila mtu anamuuguza mwenzake na mgonjwa hayupo.

Sasa fanya hivi. Ukimaliza kusoma, mtafute mkeo kwanza. Usianze na mishipa ya kiganja. Mwambie mama yako ni mzima, amekuwa mzima siku nyingi, mimi nilijua, na nimekosa. Atapiga kelele. Mwache apige. Atakuuliza ulipataje usingizi, na hapo usiwe na jibu zuri, kwa sababu hakuna. Akikuambia ukalale sebuleni, kalale, na kochi usililalamikie.

Kisha nenda kwa mama mkwe. Safari hii mtazame usoni, ameshavaa. Mshukuru, maana alichokufanyia hata mama wazazi ni wachache wangekifanya, na umwambie umepona. Mwambie hivyo hivyo, kwamba wewe ndiye uliyepona.

Alhamisi usiende kumshtaki kwa daktari mkuu, na usijitetee kwa niaba yake. Mwili ni wake, habari ni yake, na kusema anaweza, naweza kuthibitisha, sikio langu bado linauma. Aende kwa miguu yake, amevaa mwenyewe, amwambie dada mkubwa habari za stuli na pazia. Agombezwe. Kwa umri wake anaumudu ugomvi wa binti yake. Wewe kazi yako siku hiyo ni kukaa kimya, na ukiulizwa kama ni wewe uliyemfundisha kujifanya, sema ndiyo, ni mimi, na useme ukiwa umesimama wima.

Na nikuulize jambo. Mtu aliyeweza kumfundisha mwanamke mzima kuumwa mpaka watoto aliowazaa wakaamini, anashindwaje kumweleza daktari mkuu kazi yake ni nini? Mimi nilikuwa siijui, umenieleza katika sentensi moja, ndefu kweli, lakini nimeielewa. Ifupishe, uikariri, uiseme kabla wageni hawajahamia maabara. Wafukuze walinzi na birika lao. Mfamasia mrudishie mashati. Na acha kusimama mlangoni unasubiri kuandikwa. Humo wodini sasa hivi yuko mzee analishwa na mwanawe kijiko kwa kijiko, na mkono wake wa pili mzima umelala juu ya shuka kwa sababu hakuna aliyemwambia autumie. Ingia, msalimie, muulize anakosa nini kuliko vyote. Hutakosa wanafunzi.

Sikudanganyi kwamba mambo yatanyooka. Daktari mkuu anaweza kukasirika kwa kuchezewa, na kweli amechezewa. Inawezekana Ijumaa ukawa kaunta ya kadi na viti vibovu vimepangwa juu ya kile kitanda. Chumba kikienda, kimekwenda, utakidai upya au utakitafuta kwingine. Lakini mwanamke mwenye nguvu zake hawezi kuketi kitini siku baada ya siku, akimezeshwa uji asioutaka, ili wewe upige mluzi ukienda kazini.

Weka gazeti chini. Nenda ukamwambie ainuke.